Kumzoeza cherero mkono: mwongozo kamili, kutoka tunduni hadi begani

Usimkamate. Hilo ndilo neno la kwanza kwa yeyote aliyeleta cherero nyumbani na anatamani kumwona ametulia begani kwake. Wengi huanza kinyume: wanaingiza mkono tunduni, wanamfukuza kona hadi kona, wanamshika kwa nguvu na kumpapasa dakika kumi wakiamini kwamba atazoea. Hazoei. Anachojifunza ni kuwa mkono ukishaingia hakuna pa kukimbilia, basi bora kuuma.

Cherero ni kasuku wadogo wa jenasi Agapornis, hawa ambao wafugaji huwaita lavubedi. Wapo wa spishi 9, wote asili yao ni Afrika pamoja na Madagaska. Ana urefu wa sentimita 13 hadi 17 na uzito wa gramu 40 hadi 60 hivi, lakini akili na ukaidi wake ni wa kasuku kamili. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Porini huishi kwa makundi, na adui yake mkubwa ni kipanga anayeshuka kutoka juu. Macho yake yamewekwa pande mbili za kichwa ili aone hatari karibu kila upande.

Ukiyashika hayo, nusu ya tabia zake zinajieleza zenyewe. Mkono unaoshuka juu ya kichwa chake, kwake ni kipanga. Mtu anayemkodolea macho kwa mbele bila kupepesa anamtazama kama mwindaji atazamavyo. Na kwa kuwa amezaliwa kuishi na wenzake, ndege aliyetengwa ana woga mwingi, lakini pia ana hamu kubwa ya kupata kundi. Kundi hilo linaweza kuwa wewe, kwa sharti moja ambalo nitalirudia kila hatua: awe na njia ya kuondoka wakati wowote. Ndege anayejua anaweza kuondoka ndiye anayeamua kubaki.

Kabla ya yote: ni ndege gani uliye naye

Chaguo bora ni kinda aliyezaliwa kwa mfugaji, ambaye ameshaachishwa kulishwa na anakula mwenyewe, akiwa na umri wa wiki 8 hadi 12. Usikubali kuuziwa kinda ambaye bado analishwa uji kwa bomba la sindano eti ndipo atakupenda zaidi. Uji wa moto kupita kiasi huunguza koo, na ukiingia njia ya hewa unaua. Upendo hautegemei hilo.

Kwa spishi ya uso wa rangi ya waridi, ambayo ni maarufu sana kwa wafugaji, kinda hujulikana kwa weusi kwenye shina la mdomo wa juu. Weusi huo hufifia kadiri anavyokua. Rangi za uso wake pia huwa hazijakolea. Kutofautisha dume na jike kwa macho ni vigumu kwa spishi nyingi, hata wazoefu hukosea, na kwa kumzoeza mkono haina uzito mkubwa. Majike huwa wakali zaidi kulinda tundu lao, ila nimeona madume wakorofi na majike wapole kiasi cha kutosha kuniondolea imani ya kuchagua kwa jinsia.

Ndege mkubwa aliyeishi kwenye banda la wengi anazoezeka pia. Atachukua miezi pale ambapo kinda huchukua wiki, basi. Usimchukue aliyekamatwa porini. Hao huteseka njiani, wengi hufa, na cherero karibu wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori. Sheria za kufuga kasuku hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo uliza kuhusu kibali kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya kwanza: tundu na mahali pake

Tundu liwe pana kuliko lilivyo refu kwenda juu, kwa sababu cherero huruka kwa mlalo. Kwa ndege mmoja, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45 ni kiwango cha chini ambacho nisingependa mtu akishuke. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 1.5, la sivyo atapenyeza kichwa na kukwama. Epuka tundu la duara, halina kona ya kujiegemeza, na epuka waya wenye mipako ya zinki inayobanduka, maana yeye hutafuna kila kitu na zinki ni sumu kwake.

Ndani weka vijiti vya kutua vya unene tofauti, vya mti halisi ambao haujapuliziwa dawa, kama mpera. Vijiti laini vya plastiki vya unene mmoja huchosha nyayo na kuzitia vidonda. Mpe vitu vya kurarua: kadibodi isiyo na rangi, karatasi nyeupe, vijiti vya kutafuna. Cherero asiye na cha kurarua atararua manyoya yake au vidole vyako.

Mahali pa tundu pana maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Liegemeze kwenye ukuta upande mmoja ili mgongo wake uwe salama, sebuleni au chumba ambacho watu hukaa, na liwe usawa wa kifua chako au macho yako. Likiwa sakafuni, kila mtu anayepita ni kipanga. Likiwa juu sana, hatakuwa na sababu ya kuja kwako. Si jikoni hata kidogo: moshi wa kikaango chenye mipako isiyoshika chakula, kikiungua, unaweza kumuua ndege kwa dakika chache kabla wewe hujasikia harufu. Dawa za kupuliza, moshi wa kufukuza mbu, udi, ubani na sigara vyote vikae mbali naye. Mapafu ya ndege huchuja hewa kwa ufanisi mkubwa mno, na sumu nayo huingia kwa ufanisi uleule.

Alale kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila usiku, gizani na kimya. Ndege mwenye usingizi hafundishiki, anauma tu.

Hatua ya pili: siku za mwanzo, usimdai chochote

Siku 3 hadi 7 za kwanza, kazi yako ni kubadilisha maji, kuweka chakula na kuondoka. Sogea polepole, ongea kwa sauti ya chini, mwambie unachofanya: naweka maji, nafunga mlango. Maneno yenyewe hayana maana kwake, ila sauti inayotangulia kila jambo humwondolea mshtuko. Kama una ndege wengine nyumbani, huyu mgeni akae chumba tofauti siku 30 au zaidi na umhudumie wa mwisho, kwa sababu magonjwa ya kasuku mengine hujificha.

Chunguza anakula nini kwanza. Katika bakuli la mchanganyiko, wengi hukimbilia alizeti, wengine uwele. Hicho anachokimbilia ndicho mshahara wake baadaye, kwa hiyo kiondoe kwenye bakuli la kawaida na kihifadhi. Chakula cha kila siku kiwe mbegu ndogo ndogo au punje maalumu za kasuku, pamoja na mboga za majani, karoti, na matunda kidogo. Parachichi ni sumu kwake, vilevile chokoleti, kahawa, pombe, na vyakula vya chumvi nyingi.

Usimnyime chakula ili akutii. Ndege wa gramu 50 hana akiba ya kushinda na njaa. Kinachofaa ni kufanya mafunzo asubuhi kabla hujajaza bakuli, akiwa na hamu ya kawaida ya kula. Nunua mizani ndogo inayosoma gramu moja moja na umzoeze kupanda juu yake mapema. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake, simamisha mafunzo na umpeleke kwa daktari wa wanyama.

Hatua ya tatu: kujua anachosema mwili wake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayeshindwa kumzoeza cherero mara nyingi ameshindwa kumsoma. Uvumilivu anao.

Ndege aliyetulia hujikung'uta manyoya yote mara moja kisha anayalaza, hupitisha mdomo kwenye manyoya ya kifua, hupiga miayo, hunyanyua mguu mmoja na kuuficha tumboni. Jioni utasikia sauti ndogo ya mdomo kusagana, ya juu dhidi ya chini. Sauti hiyo ni ya raha kamili, na akiifanya wewe ukiwa umekaa karibu, umeshavuka mto mkubwa.

Ndege mwenye hofu hujibana: manyoya yamelala mwilini kiasi cha kumfanya aonekane mwembamba na mrefu, shingo imenyooka, hapepesi. Anaacha kula na kulia. Watu humwona hivyo wakasema ametulia. Hajatulia, ameganda. Ukisogea tena nusu hatua ataruka na kugonga nondo.

Mwenye hasira ni tofauti. Huinamisha mwili mbele, mdomo wazi kidogo, manyoya ya shingoni yamesimama, pengine anakimbia ubavuni kwa ubavuni juu ya kijiti. Huyo haogopi, anakuonya. Heshimu onyo lake. Ndege ambaye onyo lake hupuuzwa huacha kuonya na kuuma moja kwa moja, na hiyo ndiyo tabia ngumu kuliko zote kuiondoa.

Jizoeze kutazama alama ndogo kabla ya hizo kubwa. Yuko kwenye kijiti, anatafuna kadibodi, wewe unasogeza kiti. Kutafuna kumekoma. Jicho moja limekugeukia. Hapo simama, tazama pembeni, pumua. Akirudia kutafuna, umepata idhini ya kusogea tena. Umbali huo ambapo ameacha kutafuna ndio mpaka wa leo, na somo lote linafanyika hapo mpakani. Ukiuvuka unalipa kesho.

Hatua ya nne: kaa naye

Vuta kiti hadi umbali ambao bado anaendelea na shughuli zake. Soma kitabu, kula, piga mluzi taratibu. Kaa ubavu kuelekea kwake, si uso kwa uso, na upepese macho polepole unapomtazama. Dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, ni bora kuliko saa nzima mara moja. Kila siku kiti kisogee kidogo, mpaka uweze kukaa bega likigusa tundu naye anakula.

Kula mbele yake kuna nguvu ya ajabu. Ndege wa makundi hula pamoja, na anayekula hana hofu. Akianza kwenda bakulini kila unapoanza kutafuna, ujue ameshaanza kukuhesabu kuwa mwenzake.

Kisha mkono. Uweke ubavuni mwa tundu kwa nje, chini ya usawa wake, umetulia, vidole vimekunjwa. Usiuchezeshe. Usitumie glovu, sasa wala baadaye: atazoea glovu na kuendelea kuogopa ngozi, na glovu humfanya mtu ajasiri kusukuma pale ambapo angepaswa kungoja.

Hatua ya tano: chakula kupitia nondo

Chukua suke refu la nafaka ndogo kama uwele. Urefu wake ndio faida yake, maana unashika upande mmoja naye anadonoa upande wa pili akiwa mbali na vidole. Pitisha ncha kati ya nondo, karibu na kijiti anachopenda, ungoje mkono ukiwa umeegemea kitu ili usitetemeke.

Mara ya kwanza huenda asije kabisa. Dakika 5 zikipita, toa suke, ondoka. Usiliache ndani, kwa sababu akilipata bure baadaye hana haja ya kukukaribia. Siku atakapokuja utaona mchezo mzima: anasogea hatua mbili, anarudi moja. Ananyoosha shingo mpaka inakuwa nyembamba, miguu imebaki nyuma tayari kuruka. Anachomoa mbegu moja haraka, anakimbia nayo mwisho wa kijiti, anaimenya huku akikutazama. Kisha anarudi. Safari ya tatu au ya nne miguu inasogea pamoja na shingo. Acha ale, usisogeze suke hata kidogo, usimpongeze kwa kelele.

Kila siku shika suke karibu zaidi na ncha, mpaka mdomo wake unagusana na vidole vyako. Hapo hapo anza kutamka neno moja fupi kila anapochukua, mimi hutumia "vyema". Baada ya muda neno hilo litakuwa ahadi ya chakula, nawe utaweza kulitumia kumwambia ni tendo gani hasa umelipenda.

Hatua ya sita: kijiti cha kufuata

Wengi huruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye kidole. Kwa ndege mwoga au mwumaji, mimi siiruki kamwe.

Tafuta kijiti chembamba chenye ncha inayotofautiana rangi, kisicho na rangi ya kupaka inayobanduka. Kilete karibu na mdomo wake kupitia nondo. Cherero hutaka kujua kila kitu kwa mdomo, kwa hiyo atakigusa. Mara tu anapogusa, sema "vyema" na umpe mbegu moja. Rudia mara chache, acha angali anataka. Somo la dakika 3 hadi 5 linatosha. Akikijua, sogeza ncha sentimita chache ili apige hatua moja kuifuata, kisha mbili, kisha kutoka kijiti kimoja cha kutua hadi kingine.

Faida yake ni kubwa. Sasa unaweza kumwelekeza aende unakotaka bila kumgusa, bila kumsukuma. Anaweza kuingia tunduni mwenyewe jioni, kupanda kwenye mizani, kusogea mbali na mlango. Na yeye anaona kwamba matendo yake yanaleta matokeo, jambo linalomtoa ndege kwenye woga haraka kuliko kubembelezwa.

Hatua ya saba: mkono ndani ya tundu

Fungua mlango polepole na uingize mkono kutoka chini ya usawa wa kifua chake, ukiwa na suke au mbegu kiganjani. Ingia kiasi kidogo tu, simama mlangoni. Iwapo ataganda, rudi nyuma mpaka alegee kisha ungoje hapo. Kinachoweza kukushangaza ni kwamba ndege aliyekuwa anakula vidoleni kwa nje sasa anakuwa mkali. Tundu ni chumba chake cha kulala. Kama ni jike anayelinda, usilazimishe: tumia kijiti cha kufuata kumleta mlangoni au nje juu ya tundu, na mafunzo ya mkono yafanyike huko. Usafi wa tundu ufanye akiwa nje.

Lengo la hatua hii ni asimame kwenye kiganja au mkono wako ili kufikia chakula. Weka mbegu mahali ambapo hawezi kuzifikia bila kuweka angalau mguu mmoja juu yako. Ataweka mmoja, ataondoa, ataweka tena. Atajaribu pia kukung'ata kidole taratibu kabla ya kukipanda. Hapo haumi, anapima kama kijiti hiki kitamhimili. Ukikivuta, umemfundisha kuwa kidole hakiaminiki. Kiache imara.

Hatua ya nane: "panda"

Akishapanda mkono kwa ajili ya chakula, fundisha amri. Weka kidole cha shahada kwa mlalo, juu kidogo ya miguu yake, usawa wa tumbo la chini, karibu lakini bila kumsukuma. Shika mbegu au kijiti cha kufuata upande wa pili, kiasi kwamba njia fupi ya kukifikia ni kupitia kidoleni. Sema "panda". Akipanda: "vyema", mbegu, na umruhusu ashuke mara moja.

Kumruhusu ashuke ndiko kunakomfanya apande tena. Kama kila akipanda anabebwa kwenda mbali au kurudishwa tunduni, atajifunza haraka kutopanda. Kwa hiyo panda-shuka, panda-shuka, mara 5 au 6, basi. Baada ya siku kadhaa, anapopanda bila kusita, geuka naye taratibu, piga hatua mbili, mrudishe. Wapo wanaofundisha kusukuma kidole tumboni mpaka ndege akose pa kukanyaga. Inafanya kazi, sikatai, lakini inamwondolea ridhaa, na cherero aliyepandishwa kwa kusukumwa ndiye yule anayeuma siku akikataa.

Hatua ya tisa: kutoka nje

Andaa chumba kabla hajatoka. Funga madirisha na milango, shusha mapazia kwenye vioo ili asijigonge, zima feni na usubiri isimame kabisa. Funika ndoo na vyombo vya maji kwani cherero huzama hata kwenye maji machache. Paka na mbwa watoke chumbani, hata wale wapole. Mkwaruzo au mate ya paka yana vijidudu vinavyoweza kumuua ndege ndani ya siku moja au mbili, na jeraha kama hilo ni safari ya daktari papo hapo.

Fungua mlango wa tundu na umwache atoke mwenyewe. Mara ya kwanza huenda akaishia juu ya tundu, au akaruka ovyo na kutua juu ya pazia. Usimkimbize. Mfuate polepole, mpelekee kidole au kijiti kirefu cha kutua, mwambie "panda". Akikataa, punguza mwanga, weka chakula tunduni, ngoja. Ikibidi kabisa kumshika kwa usalama wake, tumia kitaulo chepesi chumba kikiwa na giza, na usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kupanua kifua, na ukikibana anakosa hewa ingawa pua na mdomo viko wazi.

Je, apunguzwe manyoya ya mabawa? Huu ni mjadala wa miaka mingi, na mimi nimesimama upande wa kutopunguza. Ndege asiyeruka hana njia ya kuondoka, na nimeshasema kuondoka ndiko msingi wa kila kitu. Hunenepa, hupoteza ujasiri, na bado upepo ukimkuta nje anaweza kubebwa mbali. Kwa anayeona hana budi, kazi hiyo aifanye daktari wa ndege, si mkasi wa nyumbani. Manyoya huota tena baada ya kunyonyoka.

Anayeruka anafundishika kuja kwa wito. Anza akiwa kwenye kiti, kidole kikiwa umbali wa kurukia kidogo tu, mbegu ikionekana, na wito wa aina moja siku zote, mluzi ni mzuri. Ongeza umbali kwa kiasi cha mkono mmoja kila anapofanikiwa bila kusita. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi umbali wa nyuma na umalizie hapo kwa ushindi. Hata akija vizuri, usimtoe nje ya nyumba begani ukiamini kwamba anakupenda. Kishindo kimoja kinatosha kumpeleka mbali asikojua njia ya kurudi.

Kuuma

Utaumwa, na cherero ana mdomo mkali usiolingana na umbo lake. Usipige kelele, kwani wengine huona ni burudani. Usimpulizie usoni, usimpige mdomo, usimtikise, usimfungie gizani kama adhabu. Shusha mkono polepole kwenye sehemu imara, acha ashuke, geuka pembeni sekunde 10 hivi, kisha rudi na jambo rahisi analolijua.

Halafu jiulize kilichotangulia. Ulimgusa mgongoni? Ulimpandisha akiwa anakula? Ulivaa kitu kipya, kofia, rangi nyekundu ya kucha? Amekosa usingizi? Yuko kwenye kipindi cha kunyonyoka manyoya, ambapo vishina vipya vinauma vikiguswa? Karibu kila kuuma kuna sababu, na ukiondoa sababu huhitaji dawa nyingine.

Kuna kipindi kimoja kinachowavunja moyo wengi. Anapokomaa, kati ya miezi 8 na mwaka mmoja hivi, ndege aliyekuwa mpole hubadilika: analinda kona, anatapika chakula ili akulishe, anajisugua mkononi, jike anachana karatasi na kuzichomeka kwenye manyoya ya mgongo wa chini. Hajakuchukia. Homoni zimepanda. Ondoa kisanduku, kibanda, kitambaa cha kujifichia, chochote kinachofanana na kiota. Mpe usiku mrefu zaidi, na umguse kichwani na shingoni pekee. Kupapasa mgongo na chini ya mabawa ni lugha ya kupandana, na kwa jike huchochea kutaga bila kukoma, hali inayommaliza kalisi, madini ya mifupa na maganda ya mayai, na inayoweza kufanya yai likwame.

Mmoja au wawili

Si kweli kwamba cherero akiwa peke yake lazima afe kwa huzuni. Kilicho kweli ni kwamba anahitaji mwenza wa saa nyingi kila siku, na kama kazi yako inakuweka nje kuanzia asubuhi mpaka usiku, basi mpatie ndege mwenzake na ukubali kuwa wewe utakuwa wa pili. Wawili wanazoezeka, ingawa kwa taratibu zaidi. Fundisha mmoja mmoja, mwingine akiwa kwenye tundu lake pembeni akitazama. Anayetazama mwenzake akipewa mbegu mkononi mwako hujifunza mengi kabla zamu yake haijafika. Usiwatie tundu moja siku ya kwanza: matundu yakae kando kwa kando, kisha wakutane nje, sehemu ambayo hakuna anayeimiliki, chini ya macho yako. Cherero wasioelewana hung'atana vidole mpaka kuvikata.

Asiposonga mbele

Ndege akikwama hatua moja wiki nyingi, kwanza fupisha somo na urudi hatua mbili nyuma. Kisha kagua chumba: kivuli cha pazia, kioo kinachomfanya apende taswira yake, televisheni yenye kelele. Mabadiliko ya ghafla yana maelezo mengine. Ndege aliyekuwa anakuja mkononi na leo amejitunisha kwenye kona mchana, macho nusu yamefumba, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, kinyesi kimebadilika, huyo ni mgonjwa. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zinapokwisha, kwa hiyo usingoje kesho. Mweke mahali pa joto, penye utulivu, na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Nawa mikono kila unapotoka kumhudumia, na ukipata homa na kikohozi kisichoeleweka mwambie daktari wako kwamba unafuga kasuku, kwa sababu ipo homa ya kasuku inayoambukiza binadamu na inatibika kwa dawa ikitambuliwa mapema. Ndege akipona, anza tena na suke kupitia nondo. Safari hii atapita hatua zote kwa haraka zaidi, maana kilichokatika ni nguvu zake, na mkono wako anaukumbuka.